Praiveti Chitete, Mmalawi aliyemburuta koplo wetu kutoka kwenye risasi: watu wa Tanga, tunamjua?

Fundi wa Barabara ya Nane

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo lenyewe nimekaa nalo tangu juzi na kila ninayemwanzia ananikatiza kabla sijafika mwisho.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani. Kila mwezi wa saba, Siku ya Mashujaa ikikaribia, huja kibarazani kwangu mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyepigana vita vya Kagera. Huleta koti lake la bluu, amelikunja vizuri ndani ya mfuko. Kazi yenyewe ndogo: kukaza vifungo, kupiga pasi, na kutazama pale mahali pa medali. Koti ni la siku nyingi, kitambaa kimechoka, na medali ni chuma, ina uzito wake. Kila akiivaa pini inavuta na tundu linazidi kupanuka. Mwaka huu nikaona nikiziba tu kwa juu nitakuwa namdanganya mzee wa watu. Nikafumua bitana upande wa kushoto, nikatia kipande cha turubai kwa ndani, nikashona kwa mkono ili mshono usitokeze nje. Yeye amekaa kwenye benchi na kikombe chake cha kahawa, redio ya jirani inatangaza habari za Kongo.

Akaniuliza, "Mwanangu, yule Mmalawi unamjua?"

Nikamwambia, "Baba, Mmalawi yupi?"

"Aliyekufia mtoto wetu kule Beni."

Nikasema simjui. Hakunilaumu. Akaweka kikombe chini, akanisimulia, na usiku nilipofunga kazi nikaenda kusoma mwenyewe. Nawaletea kama nilivyoelewa.

Ilikuwa Novemba 2018, Beni, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Waasi wa ADF walikuwa wamejichimbia msituni, wanashuka vijijini wanaua raia. Wakati huohuo Ebola imeingia, ilitangazwa Agosti mwaka uleule, na wahudumu wa afya hawawafikii wagonjwa kwa sababu ya hao hao waasi. Kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kujibu mashambulizi, chenye askari wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini, kikaenda kuwang'oa kwenye ngome yao upande wa Kididiwe. Moto ukawa mkali. Koplo wa JWTZ akapigwa vibaya, akaanguka mahali peupe, kutembea hawezi, na risasi zinamfuata pale pale alipolala. Praiveti Chancy Chitete wa jeshi la Malawi akamwendea. Akamburuta mpaka penye kinga, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Yuko katika kuhangaika naye, akapigwa yeye.

Koplo wetu alipona. Chitete alirudishwa kwao akiwa ndani ya jeneza. Katika operesheni ile walikufa walinda amani kadhaa, wengi wao Wamalawi.

Tarehe 24 Mei 2019, pale makao makuu ya Umoja wa Mataifa New York, Katibu Mkuu António Guterres aliikabidhi familia ya Chitete medali inayoitwa Medali ya Kapteni Mbaye Diagne ya Ujasiri wa Kipekee. Haitolewi ovyo.

Sasa nawauliza. Mimi nina jirani ambaye mwanawe yuko jeshini. Nina mteja ambaye mumewe alikwenda Kongo akarudi. Tanga hii ina nyumba ngapi za namna hiyo? Na ni nani kati yetu aliyewahi kulitaja jina la huyu kijana, hata kwenye dua? Mtu ametoka Malawi, si ndugu wa mtu hapa, hakumjua mama wa yule koplo wala nyumba yao. Kaenda peupe. Akasimama mama mmoja wa Kitanzania akampokea mwanawe mzima, na mama mwingine Malawi akapokea bendera.

Mzee alipomaliza kunisimulia aliongeza neno moja, "Huyo alionekana." Nikadhani ameishia hapo. Nitaeleza baadaye alikuwa na maana gani, kwanza nataka kusikia kutoka kwenu.

Chumvi ya Sahare

Dada fundi, nimesoma nikiwa kwenye daladala, nimepitiliza kituo. Mwenyezi Mungu amlaze pema. Sikuwa nalijua hata jina.

Kijana wa Pongwe

Uzi mzuri, ila mimi nina neno na nitalisema waziwazi. Desemba 7, 2017, pale Semuliki, hao hao ADF walivamia kambi ya vijana wetu. Walikufa Watanzania 15, majeruhi zaidi ya 40. Walipigana saa nyingi usiku. Mbona hao hatuwaanzishii uzi? Mmalawi apewe heshima yake, sikatai, lakini watu wa kwanza kukumbukwa na sisi ni wa kwetu. Rafiki yangu wa kidato cha nne alikuwa na kaka kwenye kikosi kile. Ile wiki nyumba yao haikulala, simu ikilia kila mtu anaogopa kuipokea.

Fundi wa Barabara ya Nane

Kijana wa Pongwe, umesema kweli tupu na pole kwa rafiki yako. Sikuandika kumtoa yeyote wa Semuliki ili nimweke Chitete. Wale 15 wana heshima yao, na Umoja wa Mataifa una medali nyingine, ya Dag Hammarskjöld, ambayo hupewa kila mlinda amani aliyekufa akiwa kazini. Chitete aliipata hiyo kama wengine wote. Hii ya Diagne ni juu ya ile, kwa kitendo kimoja kinachojulikana kilivyofanyika.

Ila nikujibu na hilo la "wa kwetu". Yule koplo ni wa kwetu. Angekufa, leo tungekuwa na jeneza moja zaidi na wewe ungemhesabu. Kwa kuwa alipona hatuhesabu kitu. Ndiyo maana nasema deni lipo.

Mwalimu wa Historia

Niongezee hapa kuhusu huyo Mbaye Diagne, maana jina la medali lenyewe lina habari yake na watu wengi wanalipita.

Diagne alikuwa kapteni wa jeshi la Senegal, mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa Kigali mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Waangalizi hawakuwa na silaha, na amri ilikuwa wasijiingize. Yeye alijiingiza. Alikuwa akiwapakia Watutsi kwenye gari lake wachache wachache na kuwapitisha kwenye vizuizi vya wanamgambo wauaji, Interahamwe, safari baada ya safari, akitumia maneno, utani, sigara, chochote kilichokuwapo. Watu aliowaokoa wanahesabiwa kwa mamia. Mei 31, 1994, kombora la mota lilianguka karibu na gari lake kwenye kizuizi akafa palepale. Alikuwa na miaka 36.

Baraza la Usalama liliianzisha medali kwa azimio namba 2154 la Mei 2014, miaka 20 baadaye. Wa kwanza kukabidhiwa ni familia yake mwenyewe, mwaka 2016. Chitete ndiye aliyefuata. Kwa hiyo dada fundi anaposema haitolewi ovyo, hajatia chumvi.

Mwana Raskazoni

Mimi nakaa Raskazoni, nimezaliwa huku, na kila nikisikia habari ya ushujaa na medali moyo wangu unakwenda kwenye vita vya hapa hapa. Naomba nisionekane natoka nje ya mada.

Novemba 1914, kuanzia tarehe 2 mpaka tarehe 5, Waingereza walishusha askari kama 8,000 hapa Ras Kasone, wengi wao kutoka Uhindi. Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000, na wengi katika hao ni askari weusi. Watoto wa Tanga tunakua tunasimuliwa nyuki. Ni kweli, nyuki waliokorofishwa na risasi kule kwenye miti na mashamba waliwavamia watu, na Waingereza wakaja kudai ni mtego wa Wajerumani. Lakini babu yangu alikuwa hapendi hadithi ile ya nyuki. Alikuwa akisema watu wanacheka nyuki wanasahau waliokufa. Waingereza walipoteza mamia ya watu katika siku zile, wakapanda meli wakaacha nyuma bunduki za rashasha 16 na mamia ya bunduki za kawaida.

Sasa angalia. Mjerumani Tom von Prince, yule aliyeitwa Sakarani, alikufa pale mjini tarehe 4 na jina lake vitabu vyote vinalo. Lettow-Vorbeck mwaka 1916 alipewa nishani kubwa kuliko zote za kijeshi za Prussia. Askari weusi waliokufa siku ile ni wengi kuliko Wajerumani waliokufa. Nitajieni jina la mmoja. Sisemi hayako popote, yaweza kuwa kwenye makaratasi ya Kijerumani huko. Nasema hapa, kwa wanaokaa juu ya udongo ule, hakuna analolijua. Mimi mwenyewe silijui hata moja na nimezeeka hapa.

Na wapagazi ndio usiseme. Hao hata bunduki hawakupewa.

Mwalimu wa Historia

Hujatoka nje ya mada hata kidogo, mzee wangu wa Raskazoni.

Tazama ile sanamu ya Askari Dar es Salaam, ya mwaka 1927. Imeandikwa kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nilipokuwa chuo nilizunguka pande zote nne za ile nguzo nikitafuta jina. Hakuna.

Na mfano mwingine, nao unatuhusu. Mei 19, 1941, kule Colito, Ethiopia, batalioni ya 1/6 ya KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki) ilishambuliwa na vifaru vya Waitaliano. Batalioni ya sita ndiyo iliyokuwa ya Tanganyika, hao ni babu zetu, na ndiyo iliyokuja kuwa Tanganyika Rifles wakati wa uhuru. Sajenti mmoja Mzungu aliyezaliwa Kenya, Nigel Leakey, aliparamia kifaru kinachotembea, akafungua mfuniko kwa juu, akawapiga waliomo akamwacha dereva, akamlazimisha akipeleke kwenye kinga. Kisha akaenda kutafuta kingine, na hapo ndipo alipouawa. Mwili haukuonekana tena. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, baada ya kufa, ukatangazwa Novemba 1945, miaka minne na zaidi imepita.

Ushujaa wake ni wa kweli na simpunguzii hata punje. Lakini siku ile kilima kile kilikuwa na askari wa Tanganyika waliokabili vifaru vilevile, na katika vita vile vyote viwili vya dunia hakuna askari mweusi hata mmoja wa KAR aliyepewa Msalaba wa Victoria. Hakuna. Nimefundisha somo hili miaka mingi na kila mara kuna mwanafunzi ananyoosha mkono kuniuliza, "Mwalimu, kwani hawakuwa hodari?"

Chumvi ya Sahare

Walikuwa hodari. Aliyekuwa akiandika ripoti ndiye aliyekuwa akiwatazama wengine, si wao.

Fundi wa Barabara ya Nane

Ahsanteni sana. Chumvi ya Sahare umelisema lile ambalo nimekuwa nikilizunguka. Medali haianzi kwenye kitendo, inaanza kwa mtu aliyeona, akabaki hai, akaandika, na aliyeandikiwa akaamini. Chitete amepata kwa sababu wenziwe walikuwapo, na yule koplo aliyeokolewa naye yupo. Sasa nieleze la mzee.

Jana jioni alikuja kuchukua koti. Nilikuwa nimeshalipiga pasi, limetundikwa. Akalivaa palepale kibarazani ajipime, akaibandika medali, ikakaa sawa, haikuvuta. Akaishika kwa viganja viwili kama mtu anayesikiliza kitu. Nikamuuliza, "Baba, uliposema yule alionekana, ulikuwa na maana gani?"

Akakaa chini na koti lake. Alikuwa Brigedi ya 201, na wengi wao walikuwa mgambo walioingizwa jeshini vita vilipoanza. Wenyeji wa mambo ya Kagera mnalijua jina la Lukaya, kule Uganda kwenye njia ya Kampala. Machi 10, 1979, barabara inapita katikati ya kinamasi, na Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakawapiga kwa roketi. Giza linaingia, safu imevunjika, watu wanaingia majini. Anasema sauti ya roketi zile hajawahi kuisimulia vizuri mpaka leo, ila wakati wa masika radi ikipiga mfululizo yeye hutoka nje kukaa barazani, ndani hawezi.

Alijeruhiwa paja. Mwenzake, Mzigua wa Handeni, kijana mrefu, alimtoa barabarani akamlaza nyuma ya tuta. Kisha akamwambia, "Nakuja, kuna yule mwingine." Akarudi barabarani. Mzee alimwona akiinama juu ya mtu. Baada ya hapo ulipita mwanga mkubwa na hakuona kitu tena.

Usiku ule ule na kesho yake jeshi letu lilijipanga upya, Brigedi ya 208 ikazunguka kwa nyuma, Lukaya ikachukuliwa. Yeye alikuwa ameshapelekwa hospitali. Aliporudi kikosini, wa pale kwenye tuta hakuna aliyebaki isipokuwa yeye. Nikamuuliza kama aliwahi kumweleza mkubwa wake. Akasema, "Nilimweleza. Naye akafa kabla hatujafika Kampala." Nikamuuliza jina la huyo Mzigua. Hapo ndipo aliponyamaza.

Walikuwa wakimwita Mrefu. Kikosi kizima kilimwita hivyo. Jina lake hasa alilisikia mara moja mbili wakati wa kuitwa majina asubuhi, na kwa miaka yote hii amekuwa akilitafuta kichwani. "Naanza na herufi," aliniambia, "naanza na M, nakwenda na S. Kuna usiku nahisi limekuja mpaka mdomoni."

Wakuu, niliona aibu kwa kulalamikia kwamba hatulijui jina la Chitete. Hili la Chitete lipo, limeandikwa, kulijua ni kusoma dakika tano. Mzee huyu ni shahidi mzima, ana paja lenye kovu, ana medali kifuani, na jina hana.

Mwana Raskazoni

Nimelisoma hili kwa sauti nyumbani na mke wangu amelia. Mwambie huyo mzee nampa mkono. Nami niko tayari kumfuata na gari siku ya Mashujaa, asipande daladala na koti lile.

Kijana wa Pongwe

Dada fundi, nafuta maneno yangu ya mwanzo. Si kwamba yalikuwa ya uongo, ila niliyasema kwa ukali.

Handeni Kwetu

Nimejiunga humu leo kwa ajili ya uzi huu. Sisi Wazigua wengi tulikwenda vita vile, na huku Handeni ziko nyumba ambazo picha ya kijana aliyevaa kombati imetundikwa ukutani mpaka karatasi imegeuka njano. Mrefu peke yake haitoshi, warefu tunao wengi. Muulize mzee: alikuwa na alama yoyote? Alikuwa akizungumzia kijiji gani? Alikuwa ameoa? Alikuwa akiimba? Maana sisi kwetu tunatambuana kwa mambo hayo.

Bukoba Mjini

Salaam kutoka Kagera. Mashujaa wa vita vile wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, makaburi zaidi ya 600 yamepangwa safu kwa safu. Mimi hupita barabara ile kwa shughuli zangu za ndizi. Nipeni cha kushika: mkoa, kikosi, tarehe ya kufa. Nitaomba kibali kwa wahusika, nipite safu nikisoma, na kila jina la upande wa Tanga lenye Machi 1979 nitaliandika. Mzee akisomewa orodha huenda likamrudia.

Fundi wa Barabara ya Nane

Bukoba Mjini, Mungu akuweke. Handeni Kwetu, nimekwenda kwake leo asubuhi kabla sijafungua kazi, nimemkuta anakunywa uji. Nimemuuliza maswali yako moja moja na nimeandika nyuma ya karatasi ya vipimo:

Hakuwa ameoa, alikuwa na mchumba. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda, alisema alianguka mwembeni utotoni. Kijiji hakikumbuki, ila alikuwa akisimulia kisima ambacho maji yake yana chumvi na mama yake alikuwa akiamka usiku kwenda kupanga foleni. Hakuwa muimbaji. Alikuwa akipiga mluzi. Alikufa Lukaya, Machi 10, 1979, Brigedi ya 201.

Nilipokuwa naondoka mzee alinishika mkono akaniambia, "Mwambie huyo wa Bukoba asisahau waliozikwa bila jina. Akifika kwa hao, asimame kidogo."

Bukoba Mjini

Nimenakili yote. Naenda Jumamosi.